Nusu ya Robo

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, soko la Kibuye bado halijachangamka. Mvua imenyesha usiku kucha na maji yametuama kati ya vibanda vya mabati vya mafundi wa jua kali. Baridi ya Kisumu si kali. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na mtu wa Limuru akitusikia tukilalamika hutushangaa. Ila sisi wa ziwani tumezoea jua, kwa hiyo Julai kwetu ni mwezi wa makoti. Mzee niliyekuja kumtazama ameshafika. Amevaa gambuti na koti la sufu lililochakaa viwiko, na mbele yake, juu ya gogo fupi, ameweka msumeno wa petroli. Vitabuni mashine hii huitwa msumeno wa mnyororo. Hapa ni pawaso, au pawa tu.

"Oyawore, Jaduong'."

"Oyawore ahinya, nyathina. Kaa, ila usinizibie mwanga."

Jaduong' ni neno la Kijaluo la kumheshimu mzee, na sijasikia mtu yeyote Kibuye akimwita vingine. Anatengeneza pawa, na pia anakata kuni kwa pawa. Wengi hushika moja kati ya kazi hizo mbili: mkataji humpelekea fundi mashine ikishazimika, naye fundi huitengeneza bila kujua inakwenda kukata mti gani na wapi. Mzee huyu amezishika zote mbili, na naamini ndiyo sababu kina mama wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi (mifupa ya sangara iliyoondolewa minofu), na wapishi wa shule za bweni, humpigia simu yeye kwanza.

Anaanza na mnyororo. Gogo lililo mbele yake limechanjwa mfereji wa kina cha vidole viwili. Ndani yake ameipachika baa, lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo unalizunguka, akaikaza kwa kabari mbili za mti ili isitikisike. Baa ni ya sentimita 50, na mnyororo wake una meno 36. Meno 18 yanakata upande wa kushoto, 18 upande wa kulia, yakipishana. Anayapitia kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, midomo imefumba. Anatafuta lililo fupi kuliko yote. Akilipata analitia alama ya chaki.

"Huyu ndiye mwalimu," ananiambia. "Wengine wote watashuka hadi kimo chake."

Nilidhani ni hasara, kupunguza meno 35 mazuri kwa ajili ya moja lililochoka. Akanionyesha kipande cha mti kilichokatwa na mashine ya mteja mmoja: uso wa mkato ulikuwa umepinda kama mgongo wa kiti. Meno ya kushoto yalikuwa marefu kuliko ya kulia, kwa hiyo mnyororo ulivutwa kushoto kila ulipozunguka, na aliyeushika alimaliza siku akipigana na mashine yake mwenyewe. Mnyororo wenye meno mafupi yanayolingana hukata vizuri kuliko wenye meno marefu yasiyolingana. Chuma kinachopotea kwa tupa ni kidogo kuliko petroli inayopotea kwa mkato uliopinda.

Tupa yake ni ya mviringo, unene wa milimita 5.2, na mpini wake ni gunzi la mahindi. Anailaza kwenye pengo la jino, anaigeuza hadi pembe ya nyuzi 30, kisha anaisukuma kutoka ndani kwenda nje. Sauti inatoka moja, ndefu, kavu. Anaiinua tupa, anairudisha bila kugusa chuma, anaisukuma tena. Mara tatu kwa kila jino, wala hahesabu kwa sauti. Mtu asiyejua husukuma na kuvuta kama anayekata mche wa sabuni. Tupa hukata ikisukumwa. Ikivutwa hujimaliza makali yenyewe. Akifika jino la kumi na nane anasimama, anazunguka upande wa pili wa gogo, anakaa upya, ndipo anaanza meno ya kulia. Angeweza kuyafikia kutoka pale alipokuwa, kwa kukunja kifundo cha mkono. Hakufanya hivyo hata mara moja.

Umbo la meno haya lina chanzo kinachonifurahisha. Mwaka 1946 mkataji miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, jina lake Joseph Buford Cox, alikuwa amechoshwa na minyororo ya wakati ule, ambayo meno yake yalikwaruza ubao na kuhitaji kunolewa kila mara. Akamwona buu wa mbawakawa akijichimbia njia ndani ya kisiki, akila ubao mgumu kwa kupeleka taya kushoto na kulia, bila shida, kufuata nyuzi za mti au kuzikata. Cox aliziiga taya zile kwa chuma, na mwaka 1947 akaanza kuuza mnyororo wake. Karibu kila mnyororo wa pawa duniani leo ni mjukuu wa ule. Nilipomsimulia Jaduong', hakushangaa sana. Cox hamjui, lakini buu anamjua: "Yule wa kwenye mti wa ober? Taya zake ni koleo."

Kuna sehemu ya mnyororo ambayo wakataji wengi hawaitazami. Mbele ya kila jino kuna kinundu, nacho ndicho kinachoamua jino liume kiasi gani. Kinundu kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, karibu unene wa kucha. Kila jino linaponolewa linashuka kidogo, na kinundu kinabaki pale pale, hadi siku moja mnyororo mkali unateleza juu ya mti kama kisu kilichogeuzwa. Mwenye haraka hukata tamaa na kuvishusha vinundu vyote kwa nguvu ili pawa iume. Itauma kweli, halafu itapiga teke: baa hurushwa juu kuelekea uso wa aliyeishika, kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Mzee analaza geji ndogo ya chuma juu ya mnyororo, anapitisha tupa bapa mara moja, anatazama, na mara nyingi haoni haja ya kurudia. Mnyororo peke yake umemchukua saa moja na dakika kumi.

Mafuta hayamchukui muda, lakini hayapimi kwa macho. Petroli lita 5, oili ya injini za mipigo miwili mililita 100, yaani sehemu moja kwa 50. Oili anaipima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Injini hii haina mahali pengine pa kuwekea oili. Ile iliyochanganywa na petroli ndiyo peke yake inayokaa kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Asubuhi za baridi oili ni nzito, kwa hiyo anatikisa kopo muda mrefu zaidi, analiweka chini, anazungumza na kijana wake, kisha analitikisa tena. Kwenye tanki la pili anatia oili ya kulainisha mnyororo. Wengi hutia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari. Yeye haitaki. Anasema ina vumbi la chuma la injini za watu wengine.

Saa mbili tunapanda pikapu. Njia ni ile ya Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, halafu tunakata kulia kupita Kaimosi kuelekea Kapsabet. Dirisha linaanza kushika ukungu kabla ya Mbale. Ukanda wa ziwa uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kapsabet iko karibu mita 2,000. Abiria hulihisi jambo hilo kwa masikio na kwa baridi. Pawa hulihisi kwa kabureta.

Nimwombe msomaji avumilie hapa, maana ndicho kiini cha ufundi wenyewe. Injini huchoma petroli pamoja na hewa kwa uwiano fulani, na kabureta ndiyo inayovichanganya. Ukipanda mlima hewa inapungua: kutoka Kisumu hadi Kapsabet mgandamizo wake hushuka kwa karibu sehemu moja katika kumi. Petroli inayopita kabureta haipungui kwa kiasi hicho, kwa hiyo mashine iliyorekebishwa vizuri ziwani hufika huko juu ikiwa imeshiba kupita kiasi. Inatoa moshi, inakohoa, inachafua plagi, na nguvu inapotea. Hiyo ni kero tu. Hatari iko kwenye kushuka. Mashine iliyorekebishwa Kapsabet ikiletwa Kisumu bila kuguswa, hewa inazidi na petroli inakuwa haba, na pamoja na petroli, oili inakuwa haba. Inalia kwa sauti nyembamba, tamu, ya kasi, na aliyeishika hufurahi kwamba leo pawa ina nguvu. Baada ya muda mfupi pistoni inajikwaruza ndani ya silinda na mashine inakufa.

Baridi nayo ina hesabu yake. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo asubuhi ya Julai huko juu, joto likiwa karibu nyuzi 10, inarudisha sehemu ya kile ambacho mwinuko umekiondoa, na jua likitoka saa tano linakichukua tena. Katika nchi za theluji wakataji hukutana na hali ngumu zaidi: baadhi ya pawa zinazotengenezwa Uswidi na Ujerumani zina kifuniko kidogo cha majira ya baridi kinachopitisha hewa yenye joto la silinda hadi kwenye kabureta, isije ikaganda. Siku hizi kuna hata pawa zinazojirekebisha zenyewe kwa kompyuta. Za Kibuye nyingi ni za zamani, zenye skrubu tatu ubavuni: moja ya mwendo wa chini, moja ya mwendo wa juu, na moja ya kushikilia injini isizimike. Skrubu hizo zinasubiri mtu mwenye sikio.

Shamba tunalokwenda ni la bibi mmoja Mnandi. Vijana wanamwita Kogo, yaani nyanya, nasi tunafuata. Jaduong' anamsalimia "Chamgei", anajibiwa "Chamgei mising", na hakuna anayeharakisha kushusha vyombo hadi chai imalizike. Miti yake ni mikaratusi, safu kumi na moja kando ya chai. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi, muda mfupi tu baada ya reli kufika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu, Desemba 1901. Garimoshi liliacha kula kuni zamani, lakini mkaratusi ulibaki, na wananchi wakaupanda mashambani mwao. Marufuku ya ukataji katika misitu ya umma ilipowekwa Februari 2018, ikadumu hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023, mashamba kama hili la Kogo ndiyo yaliyobeba mzigo. Jaduong' hakati msituni. Anakata kwa mwenye shamba, na kibali cha kusafirisha kiko kwenye mfuko wa koti.

Anaiweka pawa chini kwenye nyasi zilizolowa, anaikanyaga mpini wa nyuma kwa ncha ya gambuti, anavuta choki, anavuta kamba. Mara ya tatu inapiga, inazima. Anarudisha choki nusu, anavuta, inawaka. Moshi wa bluu unatanda chini chini kwa sababu hewa ni nzito. Kijana anamkabidhi bisibisi. Mzee anaipokea, anaiweka mfukoni.

"Mngoje kwanza," anasema. "Haijaamka."

Dakika nne au tano zinapita. Anaiacha ingurume, mara moja moja anaigusa resi. Injini baridi hudanganya. Chochote utakachokirekebisha sasa kitakuwa kimeharibika ikishapata moto. Niliwahi kuwatazama mafundi wengine wakizungusha skrubu sekunde chache baada ya kuwasha, na mteja akaondoka amefurahi, akarudi kesho yake. Jaduong' anasubiri hadi aweze kuweka kiganja karibu na silinda na kuhisi joto likimsukuma. Anaizima, anatoa chujio la hewa, analigonga gonga kwenye goti, analirudisha. Kurekebisha kabureta wakati chujio limeziba ni sawa na kumpima mtu homa akiwa amejifunika blanketi. Anaiwasha tena.

Anavua vikinga-masikio, akavitundika shingoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba siku nzima huvivaa, isipokuwa kwa dakika hizi chache.

Kwanza skrubu ya mwendo wa chini. Anaizungusha polepole hadi mngurumo unapanda, anaendelea hadi unapoanza kuyumba, kisha anairudisha nyuma kidogo, mahali ambapo mashine ikiguswa resi inaruka bila kusita. Halafu ile ya kushikilia: anaipunguza hadi mnyororo unasimama kabisa huku injini ikiendelea kuzunguka. Mnyororo unaotembea wenyewe umejeruhi watu wengi, kwa hiyo anaugusa kwa kijiti kuhakikisha umesimama.

Kisha ya mwendo wa juu, na hapa anafumba macho. Anakaza resi hadi mwisho, zaidi ya mizunguko 12,000 kwa dakika, kwa sekunde mbili au tatu tu, anaachia. Sauti ina kigugumizi kizito ndani yake, kama mtu anayezungumza na maji mdomoni. Petroli imezidi, kama alivyotarajia. Anaweka bisibisi, anazungusha kwenda kulia. Mwendo wenyewe ni mdogo kiasi kwamba nilidhani ameteleza. Anakaza resi tena. Kigugumizi kimepungua. Anazungusha tena, pungufu ya mara ya kwanza. Ukijumlisha, skrubu haijazunguka zaidi ya nusu ya robo ya mzunguko.

Nikadhani atatafuta sauti safi kabisa. Haitaki. Anakiacha kigugumizi chembamba, kama mkwaruzo kwenye koo, kisha anachukua gogo lililokuwa limelala na kulikata. Mnyororo ulipoingia kwenye mti, mkwaruzo ule ukatoweka na sauti ikawa moja, iliyojaa. Alipotoka kwenye mti, ukarudi. Akaingia, ukatoweka. Akanitazama kuhakikisha nimesikia. Injini isiyo na mzigo inatakiwa ilalamike kidogo kwa kushiba. Ikipewa kazi inyamaze. Iliyo safi ikiwa haina kazi itakuwa na njaa ikipewa kazi. Baada ya mikato mitatu aliizima, akafungua plagi, akanionyesha ncha yake: rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Ingekuwa nyeusi na imelowa, petroli imezidi. Ingekuwa nyeupe, angeanza upya.

Akainama akachota kiganjani vipande vilivyorushwa na mnyororo. Vilikuwa vikubwa, vyenye kona, kama mchele wa pishori. Mnyororo butu hutoa unga. Akavimwaga, akavaa vikinga-masikio.

Ukataji wenyewe, baada ya maandalizi hayo yote, ulikuwa wa utulivu wa ajabu. Mti wa kwanza ulikuwa na unene wa sentimita 40. Aliuzunguka mara mbili, akitazama juu: umeinamia wapi, matawi yana uzito upande gani, upepo unatoka wapi. Akafyeka njia ya kukimbilia, nyuma na pembeni, akaitembea mwenyewe kuhakikisha hakuna mzizi wa kumkwaza. Ndipo akafungua mdomo wa mti upande wa kuangukia, kina cha robo ya unene, akatoa kipande kama cha tikiti maji. Mkato wa nyuma ukaja juu kidogo ya kona ya mdomo, na hakuumaliza. Aliacha ukanda wa ubao wa sentimita nne hivi, nao wanauita bawaba, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya bawaba ya mlango: mti hauruhusiwi kuanguka, unaruhusiwa kufunguka. Akapachika kabari nyuma, akaigonga mara mbili kwa kisogo cha shoka. Juu kabisa majani yakaanza kusogea. Akarudi kwenye njia yake, hatua za kawaida, hakutazama nyuma. Mti ulilala pale pale alipokuwa amechomeka kijiti dakika kumi kabla.

Alirudi kwenye kisiki. Akakikata tena chini, kimo cha kiganja kutoka ardhini, kwa mlalo mdogo ili maji ya mvua yasituame juu yake. Kogo alikuwa amesimama karibu akiangalia hilo hasa. Mkaratusi huchipuka upya kwenye kisiki. Akiacha chipukizi mbili au tatu zilizo imara, atavuna tena hapo hapo baada ya miaka michache bila kupanda mche. Kisiki kilichochanika huoza.

Kwenye kukata vipande ana fimbo ya kipimo: sentimita 60 kwa meko ya shule, na alama fupi zaidi kwa wakaanga samaki. Gogo likiwa limelala juu ya matuta mawili anagusa juu kwanza, theluthi moja, kisha anamalizia kutoka chini, kwa kuwa upande wa juu umebanwa na wa chini umevutwa, na anayekata juu tu ataikuta baa imekabwa na mti. Vijana wanapasua kwa shoka siku hiyo hiyo, maana mkaratusi mbichi unapasuka kwa utiifu ambao ule uliokauka hauna. Ilinichukua muda kugundua kwamba hawalengi katikati. Wanasoma nyufa zilizojitokeza kwenye uso wa gogo na kupiga kuanzia ukingoni, wakimenya kuelekea ndani.

Saa tisa, pikapu imejaa, mzee anafanya mambo mawili kabla ya kupanda. Analegeza mnyororo, kwa sababu umekazwa ukiwa wa moto, na ukipoa utanywea na kuivuta ekseli ya injini usiku kucha. Kisha anatoa bisibisi, anaiweka kwenye skrubu ya mwendo wa juu na kuizungusha kwenda kushoto, nusu ya robo. Kesho ana mti ulioangushwa na upepo karibu na Dunga, ufukweni. Kijana anamwambia si angefanya kesho hiyo hiyo, Jaduong', maana itabidi airekebishe tena kwa sikio hata hivyo. Ni kweli, anajibu, lakini leo usiku mtu anaweza kuja kuiazima.

Kuni zilishushwa uwanjani kwake, upande wa Mamboleo, jua linakowaka zaidi kuliko huko juu. Zilipangwa juu ya magogo mawili zisiguse udongo, zikaachiwa nafasi za upepo kupita. Zikiwa mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na mama anayezikaangia samaki hivyo hulia machozi ya moshi tangu asubuhi hadi jioni. Wateja wawili wa Obunga walikuwa wanamsubiri na pesa mkononi. Aliwaonyesha rundo la zamani, la Januari, wakachukua humo. La siku ile litauzwa mwaka ujao.